Shanga Kumi na Moja za Bi Arusi

Katika ukoo wetu kuna mtu aliyekufa kikongwe, kinywani hana jino hata moja, mgongo umejikunja kama ndoana, na mpaka leo anaitwa Bi Arusi. Ni bibi yake bibi yangu. Aliolewa hapa Mikindani enzi za Mjerumani, akiwa na umri kama wangu, na kwa kuwa harusi yake ilizungumzwa kuliko jambo lolote alilowahi kufanya, jina likamganda. Alizaa, akazika, akalima, akafanya mambo chungu nzima, na hakuna anayeyakumbuka. Nilikuwa namwambia Bibi kwamba huo ni uonevu, mtu uishi miaka yote hiyo halafu ukumbukwe kwa siku ulizotembea na mume wako.

"Wewe utakumbukwa kwa mdomo huo," Bibi ananijibu. "Na wengi watakaoukumbuka watakuwa walimu."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukiongea. Yeye ananiita mke mwenzangu, mimi namtishia kwamba nitamnyang'anya marehemu babu huko huko aliko, maana mimi nina meno na yeye hana. Anacheka mpaka anashika mbavu. Nataka mjue kwamba alikuwa anacheka hivyo, kwa sababu yanayofuata hayachekeshi sana, na mimi ndiye niliyeyafanya.

Kitu pekee alichoacha Bi Arusi ni uzi wenye shanga kumi na moja, na alimwachia Bibi, aliyelelewa naye. Shanga zenyewe ukizikuta njiani huziokoti. Hazilingani hata mbili. Kuna za kioo cha bluu, kuna ya mfupa, kuna moja imetobolewa upande kama aliyeitoboa alikuwa anagombana na mtu. Lakini ndani ya uzi ule ndimo ilimokuwa safari yake ya harusi, nyumba kwa nyumba.

Ilikuwa hivi. Baada ya ndoa, maharusi walikaa ndani siku saba za fungate. Siku ya nane bwana harusi, ambaye alikuwa mchuuzi wa nta na sandarusi, akamchukua mkewe kwenda kumwonyesha kwa ndugu zake, na ndugu zake walikuwa wametapakaa kuanzia Mtwara mpaka ng'ambo ya mto Ruvuma. Walikwenda wao wawili, na somo wa bi arusi, yaani kungwi wake, na punda wa kuazima ambaye kwa maelezo ya Bibi alikuwa na akili kuliko bwana harusi. Walilala nyumba kumi na moja. Mila yao ilikuwa kwamba bi arusi akiingia nyumba ya wakwe hatoi neno mpaka mama wa nyumba amfunge ushanga mmoja. Akishafungwa, ndipo anasalimia. Kwa hiyo kila ushanga ni nyumba moja, na ukizipapasa kwa kidole kuanzia kwenye fundo, unatembea njia ile ile aliyotembea yeye: unalala Mtwara, unavuka kwa mtumbwi kwenda Msangamkuu, unashuka na pwani mpaka Msimbati, unavuka Ruvuma, unarudi kwa njia ya juu kupitia Nanyamba, unafika kwako.

Nyumba mbili ndizo zilizobeba uzito.

Ya kwanza ni ile ya ng'ambo ya mto. Ushanga wake ni wa gamba la kombe, mkubwa, unakwaruza kidole. Mama wa nyumba hiyo alimpokea Bi Arusi vizuri, akamchotea maji ya kuoga, akamfunga ushanga, na salamu zilipokwisha akamwambia, "Karibu mwenzangu, mimi ndiye mkubwa wako." Yaani mke mkubwa. Bwana harusi hakuwa amesema kitu. Mikindani nzima ilikuwa haijui.

Ya pili ni nyumba ya mbuzi. Ushanga wake ni mwekundu, umemeguka ukingoni. Bwana harusi alikuwa amesimama uani anawasimulia wenyeji jinsi anavyovuka mto wenye mamba bila hata kukunja nguo, na nyuma yake mbuzi alikuwa anatafuna pindo la kanzu yake ya harusi, taratibu, kama mtu aliyealikwa. Bi Arusi, ambaye alikuwa hajafungwa ushanga bado, na kwa mila hakutakiwa kutoa hata kikohozi, akacheka. Akacheka kwa sauti mpaka akakaa chini. Mama mwenye nyumba akaudhika, akamfunga ushanga mbovu kuliko wote aliokuwa nao. Hicho ndicho kicheko chake cha kwanza mbele ya mume wake.

Bibi alikuwa akifika kwenye ushanga ule mwekundu anasimamisha kidole. Kila msichana wa ukoo wetu akiolewa, siku ya kufundwa, Bibi anampapasisha shanga zile moja moja, na hapo lazima asimame aseme, "Sasa angalia huu umekaa wapi." Maana kama Bi Arusi alicheka kwanza ndipo akavuka mto, basi alikuwa msichana anayecheka kwa sababu hajui kitu. Na kama alivuka kwanza, akamkuta mke mkubwa, akanyamaza siku zote zile, halafu ndipo akacheka, basi huyo ni mtu mwingine kabisa, na kicheko chake ni kingine.

Mimi niliisikia safari hii labda mara ishirini. Bibi alikuwa ananifundisha makusudi, ili siku moja niwafundishe wengine. "Dada yako ana adabu lakini hana mdomo," anasema. "Wewe ni kinyume chake. Shanga zinataka mdomo." Na mara zote ishirini mimi nilikuwa namsubiri mbuzi. Akifika mbuzi naigiza anavyotafuna, tunacheka, na mengine yanapita juu ya kichwa changu. Umekaa wapi? Umekaa kwenye uzi, Bibi, endelea.

Mwaka jana, nikiwa kidato cha pili, wiki ya mwisho kabla ya kufunga shule, walimu walikuwa wanasahihisha mitihani na sisi tumeachwa darasani kama kuku. Siku kama hizo mimi ndiye redio ya darasa. Nilikuwa nimewaahidi kuwaonyesha bi arusi wa zamani, kwa hiyo asubuhi nilifungua kibweta cha Bibi na kuchukua uzi wa shanga bila kuomba. Nikaufunga kiunoni juu ya sketi ya shule, nikajifunika sweta kichwani, nikaingia darasani kwa mwendo wa bi arusi mwenye kidonda mguuni. Watu walikuwa chini kwa kicheko. Rafiki yangu akawa mbuzi. Nikageuka kwa madaha kumwonyesha mgongo, na uzi ukakatika.

Zilitawanyika chini ya madawati yote. Darasa zima lilipiga magoti kuzitafuta, na tulizipata zote kumi na moja, hata ile iliyokuwa imeingia kwenye ufa wa sakafu tuliitoa kwa bikari. Nilifurahi. Nilijiona nimeokoka. Nilipofika nyumbani niliomba kipande cha mshipi wa nailoni kwa jirani anayevua, nikazitunga upya nikiwa nimejificha chooni.

Nilizipanga kwa rangi. Bluu kwanza, kisha nyeupe, kisha nyekundu mwishoni. Nilirudi nyuma nikazitazama, na nakumbuka nilijisemea kwamba hapa sasa ndiyo zimekuwa shanga.

Bibi ana mtoto wa jicho macho yote mawili, anaona vivuli tu, lakini vidole vyake haviumwi. Siku ya tatu aliniita.

"Mke mwenzangu. Uzi huu mbona mpya?"

"Nilikubadilishia, Bibi. Ule ulikuwa umeoza."

Akapapasa fundo. "Hukuzichanganya?"

"Sikuzichanganya. Nilikuwa natoa moja naweka moja."

Akanishika kichwa akaniombea dua, nikue, nisome, nipate mume asiye na siri. Niliitika amina. Nilidhani mambo yamekwisha.

Dada yangu aliolewa mwezi mmoja baada ya mfungo wa Ramadhani. Mume wake anafanya kazi kwenye mitambo ya gesi kule Msimbati na kwao ni Shangani, kwa hiyo safari ya harusi ya dada ingekuwa ya bajaji moja, na nilishamtania kwamba shanga zake zitatosha kidole gumba. Siku ya kumfunda, mchana, wanawake walijaa chumbani kwa Bibi: mama, shangazi, somo wa dada, majirani, na mimi nimejibana karibu na kabati. Dada ameinamisha kichwa chini ya kanga. Bibi akatoa uzi kwenye kibweta, akashika kidole cha dada, akaanza.

"Bismillahi. Wakatoka Mikindani, wakalala Mtwara."

Ushanga wa kwanza ulikuwa wa bluu, kama ilivyotakiwa. Nikapumua.

"Wakavuka mkono wa bahari, wakalala Msangamkuu."

Huo nao wa bluu. Kidole kikasogea kwenye wa tatu, na wa tatu ulikuwa gamba la kombe. Bibi akasimamisha kidole. Akaligusa, akaligeuza, akaligusa tena.

"Wakalala ng'ambo," akasema polepole.

"Ng'ambo ipi, mama?" shangazi akauliza.

"Ya Ruvuma."

"Kutoka Msangamkuu? Walipanda ndege?"

Chumba kizima kikacheka. Na mimi nilicheka, maana shangazi ni mchekeshaji na mdomo wangu ulitangulia kabla ya akili kufika. Bibi hakucheka. Aliendelea, kwa sababu alikuwa anaamini uzi kuliko anavyojiamini mwenyewe. Aliposhika wa mfupa akawapeleka Nanyamba, kisha akawarudisha Msimbati, akasahau punda yuko upande gani wa mto. Somo wa dada akasema kwa upole, "Bibi, tupumzike kwanza." Mbuzi alikuja mwisho kabisa, wakiwa wameshafika nyumbani, wameshatua mizigo.

Bibi akainua uso kuelekea kabatini. Sijui alijuaje nilipokaa.

"Mke mwenzangu. Uzi huu hukuuchanganya?"

Wote wakanigeukia. Hata dada aliinua kanga kidogo. Ningesema neno moja tu, ningepigwa, ningetukanwa na shangazi mpaka Ramadhani nyingine, na mambo yangeishia palepale.

"Sikuuchanganya, Bibi."

"Basi ni mimi," akasema. Akaukunja uzi, akaurudisha kwenye kibweta, na dada yangu akaolewa bila kuambiwa ushanga mwekundu umekaa wapi.

Tangu siku hiyo Bibi akawa mgonjwa wa kitu ambacho hakuwa nacho. Chumvi ikizidi kwenye mchuzi, watu wanatazamana. Zamani chumvi ilikuwa inazidi vilevile, ila tulikuwa tunakunywa maji na kunyamaza. Shangazi akachukua ufunguo wa stoo. Mama, kwa huruma kabisa, akamkataza kuwasha jiko. Mgeni akija anaambiwa pembeni, "Mama siku hizi kumbukumbu zinamchezea," na mgeni anaanza kuongea na Bibi kwa sauti kubwa na maneno mafupi, kama anaongea na mtoto wa chekechea. Kazi aliyobakiziwa ni kuchagua mchele, na akimaliza, shangazi anauchukua kwenda uani kuuchagua tena.

Lililoniumiza zaidi ni kwamba Bibi mwenyewe alikubali. Alianza kusema, "Niulizeni, labda nimesahau." Aliacha kunitania. Nilimtishia kuhusu marehemu babu, akanijibu, "Mchukue tu."

Mimi nilijikausha. Nilijiambia kwamba ni mzee, labda kweli anasahau. Nilihesabu makosa yake kama mwalimu wa zamu, nikitafuta moja kubwa litakalonitoa hatiani. Siku aliyomwita mama kwa jina la shangazi nilikaribia kushangilia. Halafu nikakumbuka kwamba mama mwenyewe huniita kwa majina ya watoto wote wa mtaa kabla hajalifikia langu.

Miezi minne ilipita. Jumamosi moja baada ya adhuhuri tulikuwa barazani, yeye na ungo wake wa mchele, mimi na daftari la jiografia. Akaacha kuchagua.

"Nataka nikuombe kitu," akasema. "Siku nikianza kukuita kwa jina la mtu mwingine, unicheke. Kwa sauti. Usinyamaze kama hawa wanavyonyamaza. Mtu akinyamaza naogopa."

Sikuwahi kumsikia Bibi akisema anaogopa. Mtu huyu alifukuza nyoka jikoni kwa mwiko. Nilianza kulia kabla ya kusema chochote, akadhani nimeumwa na mdudu, akawa ananipapasa miguu. Nikamwambia. Darasani, sketi, mbuzi, bikari, mshipi wa nailoni, rangi. Yote.

Akauzamisha mkono ndani ya mchele, akauacha humo.

"Ulizipanga kwa rangi?"

"Ndiyo, Bibi."

"Zilipendeza?"

"Zilipendeza."

"Mshenzi mkubwa we." Halafu akasema kwa sauti ndogo, kama anajiambia mwenyewe, "Kwa hiyo wa tatu haukuwa gamba. Nilijua. Wallahi nilijua."

Akamwita shangazi na mama, akaniamuru niseme tena mbele yao. Shangazi alinikamata sikio, jambo nililolitegemea na ambalo kwa kweli lilinipa nafuu. Lakini alipoliachia sikio alisema jambo ambalo sikulitegemea.

"Sawa, shanga amezichanganya huyu shetani. Na chumvi je? Na jiko aliloliacha linawaka? Nalo limepangwa kwa rangi?"

Bibi akarudi kuchagua mchele wake. Na ufunguo wa stoo haukurudi. Nilidhani kusema kweli kungefuta kila kitu kama ubao unavyofutwa, kumbe watu walishazoea. Bibi mwenyewe alishazoea: mpaka leo akisimama kwenda jikoni anageuka kuuliza kama anaruhusiwa.

Jioni hiyo hiyo, jua likiwa bado lipo, tulikata nailoni, tukazimwaga shanga kwenye ungo. Bibi akaanza kuzitunga kwa vidole. Ya Mtwara ikaingia bila shida, na ya Msangamkuu. Ya tatu ilikuwa ya mbegu, ya nne ndefu, ya pembe, na kila moja alikuwa anaitaja na mama wa nyumba hiyo, nani alikuwa bahili, nani alimpa Bi Arusi papai. Alikuwa amechangamka. Kwa nusu saa nilimpata Bibi yangu wa zamani. Alifika Msimbati, akavuka mto, akaweka gamba, akarudi kwa njia ya juu, akafunga ya mfupa ya Nanyamba. Kumi zikaingia.

Ukabaki mwekundu.

Aliushika, akaupeleka kabla ya gamba. Akautoa. Akaupeleka baada. Akautoa. "Nimeshausimulia vibaya mbele ya watu," akasema. "Sasa nikiutafuta wa kweli, unakuja ule wa siku ya dada yako. Wameshafika nyumbani, wametua mizigo, ndipo mbuzi."

Tukawauliza wengine, maana wote walifundwa kwa uzi ule, hata mama aliyeingia ukooni kwa ndoa. Mama akasema Bi Arusi alicheka baada ya kuvuka. Anakumbuka vizuri, kwa sababu ndicho kilichompa moyo wa kuolewa. Shangazi, ambaye aliachika baada ya miaka miwili, akasema hapana, alicheka kabla. "Alicheka kama nilivyocheka mimi," akasema, "hajui kinachomsubiri." Walibishana mpaka magharibi ikaadhiniwa. Bibi alikuwa anageuza uso kwa anayeongea, huku na huku, na nikaona kwamba anatamani mmoja wao awe na uhakika zaidi ya mwenzake.

Nikageukiwa mimi. Niliyesikia mara ishirini. Na sikuwa na kitu zaidi ya mbuzi. Ninaye mbuzi mzima, anavyotafuna, anavyofumba jicho moja, pindo linavyoning'inia mdomoni. Uani kwa nani, siku ya ngapi, upande gani wa mto, sina.

Bibi akafunga uzi ukiwa na shanga kumi. Ule mwekundu akaniwekea mkononi. "Kaa nao wewe. Mahali pake pakinijia nitakuambia."

Nimeuweka kwenye mkebe wangu wa hesabu, pembeni ya bikari ile ile, na unanisindikiza shule na kurudi. Dada alipiga simu juzi kutoka Shangani. Aliongea na mama mambo ya kawaida, halafu akaomba kuongea na Bibi, na nilimshikia Bibi simu sikioni, kwa hiyo nilisikia. Alitaka kujua Bi Arusi alicheka lini. Hakusema kwa nini anauliza, na sauti yake haikuwa ya mtu anayeuliza hadithi.

"Mdogo wako ndiye anao," Bibi akamwambia.

Nikirudi kutoka shule, kabla sijavua viatu, nafungua mkebe na kumpa Bibi ushanga. Anauviringisha kati ya vidole viwili, anapitisha ukucha pale ulipomeguka, anageuza uso upande wa barabara kama anasikiliza watu wanaokuja na punda. Mimi nakaa miguuni pake, nimefunga mdomo. Halafu ananirudishia.

"Bado," anasema. "Hebu niigizie mbuzi."

Naigiza.